Kahawa Moja Nyeusi na Faili Mbili

Mmeniuliza tena. Kila mwaka fomu za mashindano ya katuni zikifika shuleni, simu yangu inaanza: "Mwalimu Kirimi, mwaka huu tufanye ya kuchekesha ama ya maana?" Hebu sikilizeni vile mlivyouliza. Ya kuchekesha ama ya maana. Ati ya kuchekesha haina maana! Nani aliwafunza hivyo? Na msijisumbue kujibu, kwa sababu najua. Ni mimi. Ndiyo sababu leo sitajibu kwa simu. Nimeketi, nimeandika, na mtanisoma mpaka mwisho.

Nilifundisha Kiswahili na uchoraji huku Githongo mpaka serikali ikaniambia inatosha, nenda ukalime. Klabu ya katuni niliianzisha kwa simu moja yenye kioo kilichopasuka, nimeifunga kwa mpira kwenye mguu wa stuli. Tulikuwa tunapiga picha, tunasogeza kitu kidogo tu, tunapiga nyingine. Picha kumi na mbili ndiyo sekunde moja. Mtu akipiga chafya akatikisa meza, asubuhi nzima imeenda. Niliwahi kumfukuza mwanafunzi kwa sababu ya chafya, na sijutii sana.

Wahusika wetu hawakununuliwa dukani. Tulitumia maharagwe, vijiti, maganda ya ndizi, chochote kilichokuwa karibu. Dirisha tuliziba kwa gunia, maana jua likisogea, kivuli nacho kinasogea, na filamu yako inaonekana ina malaria. Hilo bado ni kweli hata sasa mkiwa na kompyuta zenu. Zibeni dirisha.

Sasa, kosa langu la kwanza. Miaka ya mwanzo tulipeleka kwa mashindano ya Embu filamu ya ndizi inayocheza densi mpaka ganda linaanguka. Ukumbi ulicheka, watu wakapiga meza. Mimi nikajiona nimefika. Matokeo yalipotoka hatukuwa hata kwenye orodha, na jaji mmoja alikuwa ameandika kwenye karatasi yetu kwa kalamu nyekundu: "Ujumbe uko wapi?" Maneno matatu tu, lakini nilirudi nayo Githongo.

Tangu siku hiyo nikawa mtu wa ujumbe. Kila filamu lazima iwe na mtu analia. Kinanda cha huzuni chini, na mwishoni maandishi meupe: tutunze mazingira, tuwaheshimu wazazi, tuseme hapana. Na tulianza kushinda, hiyo siwezi kuficha. Nikawa nasimama mbele ya klabu nawaambia, "Kuchekesha ni kazi ya mlevi sokoni. Sisi tunafundisha." Wanafunzi wakaandika kwenye madaftari. Aibu gani hiyo.

Ndipo akaja Kendi.

Kendi alikuwa kidato cha pili, mtoto mkimya, wa kusogeza kitu kwa kucha badala ya kidole. Mwaka huo mada ilikuwa "Jamii yangu". Aliniletea sinia la kahawa zilizochumwa asubuhi na kunieleza hadithi ya babu yake, Mzee Mbogori.

Mzee Mbogori kila mtu wa huku alimjua. Kwa miaka mingi alikuwa mkaguzi pale kiwandani. Nyinyi mnaojua kahawa ya kikombe tu, ngoja niwaeleze: ukifika kiwandani humwagi gunia lako kwenye mizani hivi hivi. Unamwaga kwanza chini, kwenye turubai, unachambua. Nyekundu inaenda kwa karani wa mizani kupimwa. Mbichi ya kijani inatolewa. Nyeusi iliyokaukia mtini inatolewa pia. Mzee Mbogori ndiye alikuwa anapita katikati ya watu na fimbo yake, akiona nyeusi moja anakuchambulisha upya gunia zima. Mama yangu mzazi alirudishwa mara mbili siku moja.

Sasa uzee ulikuwa umemchukua akili. Alisahau majina ya watoto wake, akasahau kwamba mkewe alikufa. Kitu kimoja hakikutoka: kila asubuhi aliamka, akavaa kofia, akashuka kwenda kiwandani. Msimu umeisha, lango limefungwa kwa kufuli, yeye anapanga foleni peke yake. Mtu wa kumfuata na kumrudisha alikuwa Kendi, kabla ya kuja shule.

Filamu yake ilikuwa hivyo hivyo. Babu ni kahawa nyekundu iliyovaa kizibo cha soda kichwani. Anapanga foleni mahali hakuna watu. Anapanda kwenye mizani mwenyewe, halafu anajifokea arudi nyuma kwa sababu hajachambuliwa. Na nyuma yake, kila anakoenda, kuna kahawa mbichi ndogo ya kijani. Huyo ni Kendi. Na sasa tatizo la huyo mdogo: yeye ni mbichi, na babu akiona mbichi anatoa! Kwa hivyo anamfuata kwa kujificha. Babu akigeuka, mdogo anasimama tuli nyuma ya gunia. Babu akisonga, naye anasonga. Mwishoni babu anapotea njia, na mdogo analazimika kujitokeza amwonyeshe.

Tulipiga siku tano. Na hapo likatokea jambo ambalo anayefanya katuni kwa plastiki hawezi kulijua. Kahawa iliyochumwa haikai. Kufikia siku ya tatu, wahusika wote walikuwa wanakuwa weusi na kukunjamana. Wanafunzi wengine wakawa wanabadilisha zao kila asubuhi. Kendi alibadilisha zote isipokuwa babu. Nilipoona nilimpandishia sauti.

"Kendi! Mhusika wako alikuwa mwekundu kwa lango, sasa hapa kwa mizani ni mweusi! Jaji atasema nini?"

"Ni yeye tu, Mwalimu," akasema. "Hata nyumbani alibadilika hivyo, na hatukumbadilisha."

Nilimwambia aendelee.

Nilikuwa na rafiki yangu, Mwalimu Njeru wa kule Ishiara, mtu wa michezo ya kuigiza, aliyenifunza jambo moja kubwa. Njeru alikuwa hatazami jukwaa kamwe. Alikaa akiligeuzia mgongo, akitazama nyuso za watu. Akaniambia, "Kirimi, kabla ya kupeleka kitu kwa majaji, kionyeshe watu wa jikoni. Hao hawana adabu ya kukudanganya." Kwa hivyo filamu ya Kendi niliipeleka jikoni, kwa wapishi wa shule. Walicheka mpaka mmoja akaunguza ugali. Halafu babu alipopotea njia jiko lote likanyamaza, na mpishi mkubwa akauliza, "Huyo kijani atatoka ama hatatoka? Toka wewe!" Aliiambia simu hivyo.

Hiyo filamu ilikuwa imekamilika. Wekeni hapo akilini.

Jumatano, siku tatu kabla ya kwenda Embu, nikaitwa lango la shule. Alikuwa Mama Kendi, na magamba ya matope bado yako kwenye gamubuti zake. Hakutaka kuingia ofisini.

"Mwalimu, nasikia mmemfanya baba mkwe wangu sinema. Na wapishi wanamcheka."

Nikaanza kueleza. Akaniinulia mkono.

"Mimi si binti yake. Mimi ni mke wa mwanawe. Unajua hiyo maana yake. Tangu niolewe sijawahi kumtania yule mzee, hata siketi anapoketi. Mume wangu yuko kazi Isiolo, mimi ndiye nimeachiwa baba. Sasa watu waketi Embu, wamcheke, halafu waseme nini? Watasema mke wa mwana amechoka naye, amempeleka akachekwe."

"Mama Kendi, hakuna mtu..."

"Watasema! Wewe huishi kwa boma letu. Nakwambia hivi: nitakuja hiyo Jumamosi nione na macho yangu. Mtu mmoja akimcheka baba, Kendi hatakanyaga klabu yako tena. Na hiyo simu yake ya kupiga picha naweka kwa choo."

Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Niliogopa, vijana. Sikuwaza filamu, niliwaza yule mtoto. Katika miaka yangu yote sikuwahi kupata mwanafunzi wa mkono ule, na sasa angetolewa kwa sababu yangu.

Kendi nilipomwambia alisema jambo moja tu, akiwa ameangalia viatu: "Mwalimu, nyumbani tunacheka. Mama pia hucheka. Anageukia ukuta pale jikoni ndiyo babu asimwone. Tusipocheka hatuwezi."

Nilipaswa kusimama hapo hapo. Badala yake nilisema, "Niachie mimi."

Alhamisi alasiri nikaketi na kompyuta ya chumba cha walimu, nikafungua filamu na kuanza kukata. Nikatoa mizani. Nikatoa kujifokea. Kisha nikafika kwa yule mdogo wa kijani. Kila alipoonekana kulikuwa na kicheko, kwa hivyo nikamtoa kote. Ilikuwa kazi rahisi ajabu, maana alipigwa picha nyuma, na nilikuwa nakata ukingo wa picha tu. Nikaweka kinanda changu cha huzuni. Mwishoni nikaandika: tuwatunze wazee wetu. Nikaweka zote mbili kwenye flashi moja. Faili ya kwanza nikaiita "Babu". Ya pili nikaiita "Babu ya mwisho".

Na hiyo ya pili sikuipeleka jikoni. Niliogopa wataniaibisha, nikajiambia hakuna wakati.

Jumamosi gari la shule lilitoka Githongo asubuhi. Mama Kendi alikuja, na alikuja na Mzee Mbogori mwenyewe kwa sababu hakukuwa na mtu wa kumwachia. Kofia kichwani, koti la kanisa, fimbo. Alinisalimu vizuri sana, akaniuliza kama mvua imenyesha kwetu. Tukifika Chuka akaniuliza tena. Tukivuka Runyenjes akaniuliza mara ya tatu, na mara zote nilimjibu kwamba imenyesha. Mama Kendi alikaa kiti cha nyuma kabisa, akitazama dirishani. Kendi alikaa katikati yao. Flashi ilikuwa mfuko wa shati langu, na niliigusa njia nzima.

Pale ukumbini shule zilipanga foleni kukabidhi faili. Sheria ilikuwa faili moja kwa kila shule, na ukishakabidhi hakuna kubadilisha. Mzee Mbogori alipoona foleni, uso ulimkunjuka. Akaingia mbele yangu, akapigapiga fimbo chini. "Songeni, songeni! Mizani inafungwa saa sita!" Wanafunzi wa shule nyingine wakacheka, lakini wakasonga, na msichana mmoja akamjibu, "Sawa babu, tumesonga." Alifurahi kupita kiasi. Mimi badala ya kuona nilichoonyeshwa, niligeuka kumtazama Mama Kendi. Alikuwa amekaza midomo, mkoba ameukumbatia.

Kijana wa mezani akaniuliza, "Mwalimu, ni gani? Naona ziko mbili."

Kendi alikuwa pembeni yangu. Alinitazama tu.

"Ya mwisho," nikasema.

Filamu yetu ilikuwa ya saba. Taa zikazimwa, projekta ikawaka. Nilikaa kama Njeru, mgongo kwa kitambaa cha kuonyeshea filamu, nikatazama watu. Na nikaona nilichofanya. Kinanda kinalia, kahawa yenye kizibo inatembea, inasimama, inatembea. Peke yake. Watu walikohoa. Mwalimu mmoja akatazama saa. Kisha ile nyekundu ikawa nyeusi ghafla, maana nilikuwa nimekata picha za katikati zilizoonyesha ikibadilika polepole. Mtu akacheka. Akafuatwa na mwingine. Kicheko kibaya, cha kumcheka fundi aliyeharibu kazi, na kilikuwa kinamwangukia yule mzee kwenye kitambaa. Nilitamani sakafu inimeze.

Hapo ndipo Mzee Mbogori akasimama.

"Nyeusi!" Sauti ile ile ya kiwandani, ukumbi mzima ukaruka. "Nani ameacha nyeusi hapo? Toeni hiyo! Toeni, itaharibu zingine!"

Loo! Ukumbi ulilipuka. Sasa walikuwa wanamcheka yeye mwenyewe, mtu mzima wa koti la kanisa, amenyoosha fimbo kuelekea kitambaa. Na ile nyeusi aliyokuwa anaagiza itolewe ni yeye mwenyewe, na hakujua. Mama Kendi alijifunika uso kwa leso. Mimi nilisimama nikaketi, nikasimama tena.

Kendi hakukimbia. Alitembea mpaka kwa babu yake, akamshika mkono ule wa fimbo, akausukuma chini taratibu.

"Hiyo ni yetu, babu," akasema. "Iache."

Mzee akamtazama. "Ni yenu?"

"Ni yetu."

Akafikiri. Ukumbi ulikuwa umenyamaza kabisa, hata kinanda changu kilisikika kipumbavu. Kisha mzee akainama, akamnong'oneza kwa sauti ambayo watu wote waliisikia: "Basi iwekeni kando, karani asiione."

Walicheka tena. Lakini sikilizeni, nilikuwa natazama nyuso, na hicho hakikuwa kicheko kile cha kwanza. Watu waliinama mbele. Mwanamke mmoja alikuwa anacheka na kufuta machozi kwa kiganja. Kwa dakika hiyo hakuna mtu pale ndani ambaye angemtaja yule mzee kwa karani.

Hatukushinda kitu, na hatukustahili. Jaji alituandikia kwamba ujumbe uko wazi. Niliichana ile karatasi.

Nje, kando ya ukumbi, nilimfuata Mama Kendi kuomba msamaha. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Akaniuliza, "Hiyo ingine iko?"

"Gani?"

"Ile wapishi walicheka. Mtoto ameniambia umekata. Nataka kuiona."

Niliweka kompyuta juu ya boneti ya gari la shule, tukaisongea wanne. Mzee Mbogori akakaa mbele kabisa. Kahawa yenye kizibo ikapanda mizani, ikajifokea. Mzee akatabasamu. Kijani akatokea nyuma ya gunia, akajificha, akatokea tena, na mzee akaanza kumwonyesha kwa fimbo, "Huyo! Huyo hapo mbichi! Mwone mjanja!" akicheka mpaka kofia ikaanguka. Nikageuka. Mama Kendi alikuwa amegeukia ukuta wa ukumbi, mabega yanatikisika. Alipogeuka tena uso wote ulikuwa umelowa, na alikuwa bado anacheka.

"Jumatatu atakuja klabu," akaniambia. "Lakini wewe Mwalimu, usishike kitu cha kukata."

Nawaambia nyinyi mnaojaza fomu mwaka huu: kicheko hakikuwa adui wa yule mzee. Nilipomtoa mdogo nilimwacha mzee bila mtu, na mtu asiye na mwenzake akitazamwa na ukumbi mzima, hata ukiweka vinanda kumi atachekwa vibaya tu. Kabla ya kuniuliza ya kuchekesha ama ya maana, angalieni kwanza mhusika wenu ana nani.

Filamu iliisha. Nilikuwa nafunga kompyuta Mzee Mbogori aliponishika mkono wa shati. Yule aliyeniuliza habari ya mvua mara tatu. Alinitazama usoni vile alivyokuwa anatazama magunia ya watu.

"Kule ndani," akasema, "huyu mdogo hakuwako. Yule alikuwa anatembea peke yake. Nani alimtoa?"

Kendi angeweza kusema. Alitazama pembeni, akaniachia.

"Ni mimi, Mzee."

"Kwa nini?"

"Alikuwa mbichi," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole. "Mbichi tunatoa, ni kweli. Lakini huyo ndiye alikuwa anajua njia ya nyumbani."

Kisha akampa Kendi mkono, na wakatangulia kuingia garini.